Muzigo Yenu Iko Wapi?

Munakumbuka kwenye kikao chetu cha mwisho mmoja wetu alileta wazo lililofanya chumba chote kipige makofi: tuendeshe kinga kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, kilomita 120 hivi, tuchangishe pesa njiani, na pesa hizo zinunue madawati ya shule moja ya msingi hapa kwetu. Tisheti za rangi moja. Banderoli. Foto ya wote tukiingia mjini. Mikono ikapanda. Wa kwangu pia ulipanda, sitaki kudanganya. Ni usiku, nikiwa kitandani, ndipo ulianza kushuka polepole.

Sikatai wazo. Nataka tu tulichambue kama vile tungechambua filamu au tamthilia, kwa sababu msafara wa kinga wa hisani una umbo lake kama tamthilia. Una mashujaa, una watazamaji, una taabu katikati na medali mwishoni. Na umbo linaweza kudanganya hata kama watu wote waliomo ndani yake ni wakweli. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwamo.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi. Waandalizi sitawataja, walikuwa watu wema na nilikula mkate wao. Tulitoka Lubumbashi alfajiri, kundi kubwa, kaske kichwani, tukashika barabara ya Likasi. Mbele yetu pikipiki mbili zenye king'ora, nyuma gari la maji na gari la wagonjwa. Kinga yangu niliazima kwa rafiki, nyepesi hata ningeweza kuiinua kwa mkono mmoja. Hewa baridi, barabara nzuri, tunaimba. Nilijisikia mtu mzuri sana.

Sasa munajua ile saa ni saa ya nani kwenye ile barabara. Ni saa ya watu wa makala. Wametembea usiku kucha kutoka porini ili wafike mjini kabla wamama hawajawasha mbabula. Walikuwa wanakuja, sisi tunaenda. Yule wa pikipiki ya kwanza akaanza kupiga kelele: "Mutoke mu barabara! Mutoke! Basportifu beko banapita!" Wakatoka, mmoja mmoja, wakiingiza magurudumu kwenye mchanga wa kando.

Mwenye hajawahi kusukuma kinga yenye magunia hajui maana ya kuitoa kwenye lami. Ile kinga haina kiti tena, ni mkokoteni wa magurudumu mawili. Kadre imeongezewa nondo kwa fundi wa kusoma vyuma, kuna fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aishike akiwa anatembea pembeni, na breki ni kipande cha mpira wa gari ambacho mtu anakikanyagia kwenye gurudumu. Ikiegemea upande mmoja, inaanguka. Ikianguka, mtu mmoja hawezi kuiinua. Anangoja mwenzake apite. Nilimwona mmoja ya kwake ikimshinda, ikalala, gunia la juu likapasuka. Makala yakatawanyika kwenye majani. Sisi tukampungia mkono. Kweli kabisa, tulimpungia mkono, na mwenzangu wa mbele akamwambia "Courage, papa!"

Tulipofika upande wa Lwisha tukasimama kunywa maji. Chini ya mti kulikuwa na mzee mmoja wa makala amepumzika, kinga yake imeegemezwa kwenye shina. Akaniangalia, akaangalia kinga yangu, akazunguka nyuma yake kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

"Muzigo yenu iko wapi?"

"Hatuna muzigo, papa. Tunaendesha kwa kusaidia batoto bagonjwa."

"Kinga njo inabasaidia namna gani?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba kila mmoja wetu amewaomba watu waahidi pesa, kadiri ya kilomita atakazofika. Akafikiri kidogo.

"Kama wanaona unachoka, njo wanalipa?"

"Eee, ni vile."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mie nilipashwa kuwa tajiri."

Yaliniuma zaidi ya vile alivyotaka, kwa sababu minervali yangu ya sekondari ililipwa na makala. Baba mukubwa, kaka wa baba, alisukuma kinga kutoka upande wa Lufira mpaka soko la Kikula, miaka mingi, mpaka goti lilipokataa. Hakuna mtu aliyewahi kumwahidi franka kwa kilomita. Alilipwa kwa gunia, na siku ya mvua alilipwa nusu. Pale Lwisha nilikuwa nimevaa tisheti yenye neno "mshikamano" kifuani, na ndani ya moyo nilikuwa ninaomba yule mzee asiniulize jina la ukoo.

Ile foto niliyopigwa siku ile ningali nayo. Nimeiangalia tena kabla ya kuandika haya. Tuko kumi na mbili, vidole juu, na pembeni kabisa, palipokatwa, kuna nusu ya gurudumu la mtu wa makala.

Turudi kwenye umbo. Yule mzee alikamata kwa dakika moja kile ambacho mimi na shahada yangu sikukiona: msafara wa hisani unauza uchovu. Lakini si uchovu wowote. Uchovu wa kuchagua una bei, kwa sababu anayeuona anasema "huyu angeweza kulala nyumbani, lakini ametoka". Uchovu wa kulazimishwa hauna bei, unaonekana kama hali ya hewa. Hapo Ulaya na Marekani kinga ya mbio na mzigo havikutani barabarani, kwa hiyo umbo halijitambui. Kwetu vinakutana kila asubuhi. Ukileta umbo lile lile Katanga bila kubadilisha kitu, linakuwa karibu dhihaka, hata kama hakuna aliyekusudia kudhihaki.

Lakini ngojeni, nisiwe mwepesi. Kuna watu wanaosema misafara hii yote ni maonyesho ya matajiri, tuitupe. Sikubali. Kuna moja Marekani, huko Massachusetts, inaitwa Pan-Mass Challenge. Aliyeianzisha ni Billy Starr, mtu aliyempoteza mama yake kwa saratani. Mwaka 1980 walikuwa watu 36 tu, wakakusanya dola 10,200 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber kule Boston. Kufika 2024 jumla ilikuwa imepita dola miliardi moja. Miliardi, ndugu zangu, kwa kukanyaga pedali! Mtu hawezi kucheka kitu kama hicho.

Ila muangalie inavyofanya kazi. Kila mwendeshaji anajifunga kwanza kwamba ataleta kiasi fulani, na kiasi hicho si kidogo. Kwa hiyo kazi yenyewe haiko kwenye kiti cha kinga, iko miezi kabla: kugonga mlango wa jirani, wa bosi, wa mwalimu wa zamani, kuaibika, kurudi tena. Na wanasema wazi kwamba kila dola iliyoletwa na mwendeshaji inaenda yote kwa taasisi. Maji, chakula, na vitu vya njiani vinalipwa na ada ya kujiandikisha na wafadhili wengine. Ukilinganisha na sisi, tumechukua tisheti tukaacha kugonga mlango. Tumechukua medali tukaacha hesabu. Ule msafara wangu, mpaka leo sijaona karatasi inayosema zilipatikana ngapi, tisheti zilikula ngapi, na wale watoto walipata nini. Sisemi ziliibiwa. Nasema nilitoka jasho kwa kitu ambacho siwezi kukieleza kwa baba mukubwa.

Karibu na kwetu zaidi, Tanzania, kuna mfano unaotuhusu sana sisi watoto wa migodi. Mgodi wa dhahabu wa Geita unaendesha tangu 2002, pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI ya nchi ile, kampeni inayoitwa Kili Challenge: wengine wanapanda Kilimanjaro, wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli, na pesa zinaenda kwenye mapambano ya VVU na UKIMWI. Zaidi ya miaka ishirini bila kuchoka. Hiyo peke yake ni sifa. Na imesaidia watu kusema jina la ugonjwa hadharani wakati ambapo wengi walikuwa wanalinong'ona.

Nikiisoma nikiwa Likasi, hata hivyo, swali langu ni lingine, na si la Geita, ni la kwetu. Kwenye kikao, mtu mmoja alisema: "Tutaenda kwa makampuni ya migodi, watatoa tu." Ni kweli, watatoa. Watatoa vizuri, na nembo yao itakaa mgongoni mwetu kilomita 120. Sasa munisikilize. Sheria ya migodi ya Kongo ilirekebishwa mwezi wa tatu 2018. Inasema kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathirika na mgodi. Inasema pia kwamba mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au shefferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ukisoma hiyo 15 vizuri utaona madawati ndani yake. Yapo. Yamekwisha kulipiwa na shaba ya chini ya miguu yetu, au yalipaswa kulipiwa.

Tukienda na kofia mkononi kuomba zawadi ya madawati hamsini, tunageuza deni kuwa fadhila. Tutasema asante, tutapiga makofi, tutamkabidhi meneja cheti cha shukrani chenye fremu. Na yule mtoto atakaye kwenye dawati lenye nembo atakua akiamini kwamba shule yake ililetwa na ukarimu. Hilo ndilo kosa kubwa la umbo hili kwenye mji wa migodi, na kinga zinalificha vizuri sana kwa sababu ni nani atakayeuliza maswali ya mrabaha mbele ya vijana wanaotoka jasho?

Mtu ataniambia: yaya, wewe unataka tufanye siasa. Ndiyo, kidogo. Kuna kitu Watanzania wanafanya ambacho nakipenda kuliko yote niliyotaja. Tangu 2019 kuna msafara wa baiskeli unaoitwa Twende Butiama, kutoka Dar es Salaam mpaka kijiji cha Mwalimu Nyerere kule Mara, kwa kumbukumbu yake. Alifariki tarehe 14 mwezi wa kumi 1999. Ni nchi nzima kuikata kwa pedali. Lakini njiani wanapanda miti, wanaacha madawati shuleni, wanaleta huduma za afya. Una wafadhili wenye nembo pia, sitaki kuufanya mtakatifu. Ila una muzigo. Yule mzee wa Lwisha akiuliza "muzigo iko wapi?", pale mtu anaweza kumwonyesha kitu.

Na una sababu ya kupita pale unapopita. Nyerere mwenyewe, mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Rais wa nchi, kwa miguu, akipita vijijini, ili kuunga mkono wazo na kukutana na watu. Kama angewasogeza watu kando ili yeye apite, safari isingekuwa na maana. Barabara ndiyo ilikuwa ujumbe wenyewe. Kwetu barabara ilikuwa kiwanja tu cha kutokea jasho.

Kuhusu miti, nifungue mabano kidogo. Nisije nikaonekana ninafanya makala kuwa kitu kitakatifu. Makala yanakula pori. Baba mukubwa mwenyewe anasema alipoanza alikuwa anakata karibu, mwishoni alikuwa analala siku mbili njiani. Miombo inakimbia miji yetu. Lakini anayepika bukari kwa makala ni mimi na wewe, umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, kwenye mji ambao nyaya kubwa za umeme zinapita juu kwenda viwandani. Kwa hiyo mtu wa makala asifanywe mwizi wa msitu pia, juu ya yote. Nafunga mabano.

Kuna wengine waliogeuza jambo lote. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa 2005 na mume na mke Wamarekani baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, nao wanapata sehemu ya pesa zao kwa watu wanaoendesha kinga kwa hisani. Ila pesa hizo zinanunua kinga. Kinga nzito, ya chuma, inaitwa Buffalo, kibebeo chake cha nyuma kimetengenezwa kwa kilo 100. Na wanafundisha mafundi, kwa sababu kinga bila fundi ni chuma cha kuuza kwa kilo. Zambia wako tangu 2006, yaani hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa. Huko huko Zambia ulifanyika utafiti kwa wasichana wa shule wanaoishi mbali: waliopewa kinga walipunguza kukosa masomo kwa asilimia 28 wakilinganishwa na wasiopewa. Hapo kinga inajibu swali la yule mzee, "inabasaidia namna gani?", bila maelezo marefu.

Natamani mmoja wetu mwenye moyo avuke mpaka akaulize jinsi kile kibebeo kinavyotengenezwa. Maana fundi wa kusoma vyuma pale Kikula anafanya kitu cha jamaa ile ile kwa nondo za mabaki, na hakuna aliyempa medali.

Jambo moja la mwisho ambalo kwenye kikao lilipitishwa kwa sentensi moja: usalama. "Polisi watatusindikiza." Hiyo barabara ni ya malori. Shaba, kobalti, asidi. Mwezi wa pili 2019, karibu na Tenke, kwenye barabara hiyo hiyo ikiendelea kuelekea Kolwezi, lori la asidi liligongana na magari mengine na watu zaidi ya kumi wakafa, wengine kwa kuungua na asidi yenyewe. Sisi tutakuwa na king'ora siku moja. Watu wa makala wanapita pale kila usiku bila taa ya nyuma. Taa ya nyuma! Kitu kidogo cha mwanga mwekundu cha kuning'iniza kwenye gunia. Nimehesabu kichwani tisheti za watu mia moja zingenunua taa ngapi, na sikupata tena usingizi.

Basi, kwenye kikao kijacho nitasema haya, na mtu asinune. Tuendeshe. Lakini tisheti zitoke kwenye bajeti, kila mtu avae yake. Kila anayejiandikisha alete orodha ya milango aliyogonga kabla hajaleta kaske. Hesabu ibandikwe ukutani, ya kuingia na ya kutoka, hata kama ni aibu. Tusiende kwa makampuni. Twende kwenye ofisi ya komini na karatasi inayouliza, kwa heshima, hiyo asilimia 15 ya mwaka jana ilifanya nini, na tuifikishe siku ile ile tukiwa bado na vumbi. Njiani tusimame pale watu wa makala wanaposimama, tukiwa na fundi, na vipuri, na taa. Na pikipiki ya mbele, kama lazima iwepo, isimwambie mtu yeyote atoke barabarani. Anayebeba apite kwanza. Tukifika saa nane badala ya saa nne, ni sawa, hakuna anayetungoja isipokuwa mpiga foto.

Najua wengine mutasema nimeua furaha. Inawezekana. Ile asubuhi ya Lwisha kulikuwa na furaha kweli, na naikosa: hewa ile, watu wanaimba, miguu ikiwa bado mipya. Sitaki tuipoteze.

Kinga ya baba mukubwa ingali nyumbani, nyuma ya jiko, imefunikwa gunia. Nondo zake zote zipo, na fimbo ya usukani. Jumamosi niliisukuma mpaka kwa fundi na nikamweleza kwamba nataka kuendesha nayo kutoka Lubumbashi, ikiwa na madawati mawili nyuma. Aliizunguka mara mbili. Akasema kadre bado nzuri, kuliko hizi mpya. Breki ndizo hazipo. Akaniuliza kama niko na mpira wa gari nyumbani, nikasema hapana, akasema basi niutafute, nirudi Alhamisi.